Mirathi ya Nyumba Isiyo na Mwana

Ukisimama Muhoroni, msomaji wangu, ukaelekeza uso kaskazini, utaona milima imeinuka ghafula kutoka bondeni mfano wa ukuta. Juu ya ukuta ule ndiko kwa Wanandi. Ukigeuka magharibi, bonde la mto Nyando hushuka polepole, shamba la miwa baada ya shamba la miwa, mpaka uwanda wa Kano na Ziwa Victoria. Huko ni kwa Wajaluo. Upande wa kusini na mashariki, ardhi hupanda tena kuelekea kwa Wakipsigis. Mji wenyewe si mkubwa, lakini umekaa mahali desturi tatu zinapokutana, na mtu atakaye kujua jinsi watu wa sehemu hizi walivyoamua nani arithi mali ya marehemu hana haja ya kusafiri mbali.

Swali ninalotaka tulitazame ni hili. Mtu akifa bila ya mwana, au akifa baada ya kukaa miaka mingi na mwenzi ambaye sheria haimtambui kuwa mume wala mke, nyumba waliyoijenga huwa ya nani? Watu wengi hudhani ya kuwa swali hili ni geni, limeletwa juzi na magazeti na mabishano ya nchi za mbali. Sivyo. Juu ya milima ile liliulizwa na kujibiwa kabla reli haijafika Muhoroni, na jibu mojawapo liliwashangaza sana wageni walioandika habari za nchi: mwanamke aliweza kuoa mwanamke.

Ili jambo hili lisikupotee, yafaa kwanza tuelewe maana ya nyumba. Mnandi mwenye wake wawili au watatu hakuwa na fungu moja la mali ambalo wana wote waligawana siku ya matanga. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilikuwa na ng'ombe wake: wale waliotengwa kwa ajili yake alipoolewa, wale walioletwa kuwa mahari ya binti zake, na uzao wao wote. Ng'ombe hao walirithiwa na wana wa nyumba ile tu. Mume akichukua ng'ombe wa nyumba moja apate kumwolea mwana wa nyumba nyingine, hilo lilikuwa deni, na wazee walilikumbuka hata kama mwenyewe alijifanya amelisahau.

Basi fikiri hali ya mke asiyejaliwa mwana wa kiume. Amelima, amekamua, amepokea mahari ya binti zake, zizi limejaa. Siku atakapokufa, nyumba yake itafungwa, na mali yake itachukuliwa na wana wa mke mwenzake au na ndugu za mumewe. Na kabla hata hajafa, anajua ya kuwa watu wanamtazama kwa jicho la kungojea. Ni dhiki ya namna yake kuishi katika nyumba uliyoijenga mwenyewe huku ukijua ya kuwa wengine wamekwisha kuihesabu kuwa yao.

Desturi ilimpa njia. Mama huyo, aghalabu akiwa amepita umri wa kuzaa, alitoa ng'ombe wa nyumba yake, akaposa msichana, akalipa mahari, na arusi ikafanywa mbele ya jamaa na majirani kama arusi nyingine. Tangu siku ile mama alihesabiwa kuwa mume. Yule mke aliyeolewa alizaa watoto na mwanamume aliyekubaliwa, lakini mwanamume huyo hakuwa na haki yo yote juu ya watoto. Baba yao kwa sheria alikuwa ni yule mama aliyetoa mahari. Wana walirithi ng'ombe na shamba la nyumba yake, na hapana ndugu wa mume aliyeweza kuuliza neno.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Regine Smith Oboler, alikaa kwa Wanandi katika miaka ya 1970, na mwaka 1980 alitoa makala yenye kichwa kinachouliza kama huyo mume wa kike ni mwanamume kweli. Wazee walimjibu bila kusita ya kuwa ndiyo, amekwisha kuwa mwanamume. Lakini alipotazama maisha ya kila siku aliona ya kuwa mambo mengi ya mama huyo hayakubadilika sana. Mahali alipokuwa mwanamume bila ya shaka yo yote palikuwa pamoja tu, napo ni penye mali na urithi. Mimi naona hilo ndilo jambo la kukumbuka kuliko yote katika habari hii. Ndoa ile haikuzaa mirathi. Mirathi ndiyo iliyozaa ndoa.

Hapa sharti nikutahadharishe, msomaji, usije ukachanganya mambo mawili. Wanandi hukana kwa nguvu ya kuwa mama aliyeoa na mke wake walikuwa wapenzi. Ndoa yao ilikuwa ya kusimamisha nyumba. Haikuwa ya mapenzi ya mwili, na mtu anayeitumia leo kuthibitisha kwamba wazee walikubali mapenzi ya jinsia moja anawasemea wazee maneno wasiyoyasema. Vivyo hivyo, anayedai ya kuwa Afrika haikuwahi kamwe kusikia habari ya mwanamke kumwoa mwanamke, naye hajui historia ya jirani zake. Wote wawili wafaa wakae chini wasome. Kwetu sisi jambo lililo kubwa ni kwamba swali la mali ni lile lile kwa aina zote mbili za jamaa: nani huhesabiwa kuwa wa nyumba hii, na kwa ushahidi gani?

Wala Wanandi si wao peke yao. Desturi hiyo ilikuwako pia kwa Wakipsigis na kwa Wakisii. Wakamba humwita mke aliyeolewa hivyo *iweto*. Wakurya, walio katika pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, huiita *nyumba ntobhu*, na huko mkoa wa Mara ingali inaonekana. Wajaluo wa chini ya mlima walikuwa na njia nyingine. Mume akifa, mjane alichukuliwa na ndugu wa ukoo wa marehemu kwa desturi iitwayo *tero*, na watoto waliozaliwa baadaye walihesabiwa kuwa wa yule aliyekufa. Huko milimani mwanamke asiyezaa hupata wana. Huku bondeni mwanamume aliyekwisha kuzikwa hupata wana. Tofauti ni kubwa kwa sura, lakini mawazo ni ndugu. Ubaba ulikuwa jambo la sheria kwanza, na la damu baadaye. Aliyesoma Kumbukumbu la Torati atakumbuka amri kama hiyo kwa Waisraeli. Na aliyesoma habari za Rumi atakumbuka ya kuwa Augusto alipata jina na mali ya Julius Caesar kwa sababu Caesar alimfanya mwanawe katika wasia uliofunguliwa baada ya kuuawa kwake mwaka 44 kabla ya Kristo.

Mambo hayo yote yalitegemea macho na masikio ya watu. Ng'ombe walionekana wakitoka zizi moja kuingia jingine. Arusi ilihudhuriwa. Ubishi ulipotokea, wazee waliokula nyama ya arusi ile waliitwa waseme waliyoyaona. Kisha ikaja karatasi.

Reli kutoka Mombasa ilipita Muhoroni, ikafika ziwani Kisumu Desemba 1901. Wanandi walipigana na waliokuja nayo, na mwaka 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa alipokuwa amekwenda kufanya mazungumzo. Baada ya vita vile Wanandi waliokaa karibu na njia ya reli waliondolewa, na nchi ikagawiwa walowezi. Wahindi nao walipata mashamba katika bonde hili, wakapanda miwa, na kiwanda cha Miwani kikajengwa katika miaka ya 1920. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mashamba mengi ya Muhoroni, Koru na Songhor yalikatwa vipande, wakapewa wakulima wadogo wapande miwa. Kiwanda cha Muhoroni kilianza katika miaka ile ya 1960, na cha Chemelil kikafuata. Mkulima wa miwa alipewa namba ya kiwanja, na katika daftari la serikali likaandikwa jina lake.

Tazama sasa badiliko lililotokea, maana ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ng'ombe wa nyumba walikuwa wa nyumba. Kiwanja chenye namba ni cha mtu mmoja, yule ambaye jina lake limeandikwa. Daftari halijui mke wa kwanza wala wa pili, halijui ni nani aliyepalilia, wala halikuhudhuria arusi ya mtu. Mwenye jina akifa, lazima mtu aende mbele ya sheria aseme: mimi ni wa nyumba hii.

Sheria iliyongoja mtu huyo nayo ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyowaambia majaji waongozwe na desturi za Waafrika mradi hazipingani na haki na maadili. Mwaka 1968 na 1969 mwanasheria Eugene Cotran alichapisha vitabu viwili alimoandika desturi za ndoa na za mirathi za makabila ya Kenya, na ndoa ya mwanamke kwa mwanamke imo. Kisha ikatungwa Sheria ya Mirathi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Sheria hiyo ilikusudiwa kuwa moja kwa watu wote, ijapokuwa baadaye, mwaka 1990, Waislamu waliachiwa wafuate sheria ya Kiislamu.

Kesi ambayo kila mwanafunzi wa mambo haya huisoma haikusikizwa Kisumu wala Kapsabet. Ilisikizwa Mombasa, kwa kuwa watu wa milimani walikwisha kuteremka kutafuta riziki pwani, na desturi zao zikateremka pamoja nao. Mama mmoja mzee wa Kinandi, asiyekuwa na mtoto, alifariki akiacha nyumba katika mji ule. Mama mwingine, mdogo kwa umri, akaja mahakamani akasema: mimi ni mkewe, nilitolewa mahari kwa desturi ya Kinandi, na wanangu wawili ni wanawe. Jamaa za marehemu wakapinga. Hebu fikiri, msomaji, kilichokuwa mezani siku ile. Haikuwa hoja ya vitabuni. Kama jaji angesema hapana ndoa, mama yule na wanawe wangekuwa wapangaji tu waliokawia kuhama.

Jaji Jackton Ojwang alitoa hukumu mwezi Juni 2011. Alichunguza desturi yenyewe, akaitazama Katiba mpya ya mwaka 2010 inayoutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, akaona ya kuwa ndoa ya namna ile inajulikana kwa Wanandi, na kwamba kwa ajili ya sheria ya mirathi mama yule na wanawe ni watu wa nyumba ya marehemu. Haki ya kuomba usimamizi wa mali ikawa yake kabla ya jamaa wengine. Nyumba ile ya Mombasa, yenye paa na umeme, ikaamuliwa kwa kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mazizi.

Lakini usidhani ya kuwa mambo yalikwisha hapo. Katiba ile ile, katika kifungu cha 45, husema ya kuwa kila mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia iliyo kinyume na yake. Na hapo hapo chini husema Bunge litunge sheria ya kutambua ndoa za mila. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ikaja na maneno yaliyo wazi zaidi: ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Anayeyasoma maneno hayo kama yalivyoandikwa haoni mlango ambao mama wa Kinandi angepita kumwoa mama mwenzake leo. Nchini Tanzania sheria ya ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kusema hivyo hivyo, na kwa sababu hiyo mke wa *nyumba ntobhu* hukaa katika ndoa ambayo kijiji chaijua na sheria haiijui. Akifukuzwa, kijiji humhurumia tu.

Tugeukie sasa jamaa wa namna ya pili, wale wasioweza kuegemea desturi hata kidogo: wanaume wawili, au wanawake wawili, wanaoishi pamoja kwa mapenzi kama mume na mke. Wako Kenya, wako mijini na vijijini, na baadhi yao wanalea watoto. Sheria ya jinai ya nchi, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, huadhibu tendo la mwili baina yao, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuifuta. Ndoa hawana. Watu wana mawazo makali juu ya jambo hili, wala sikukusudia kuyapatanisha hapa. Nataka tuulize swali la mwanahistoria wa sheria: mmoja wao akifa, inakuwaje?

Akifa bila wasia, jibu ni fupi na gumu. Sheria ya Mirathi huita warithi kwa zamu. Kwanza mume au mke na watoto. Kama hao hawako, wazazi, kisha ndugu na watoto wao, kisha ndugu wa mzazi mmoja, kisha jamaa wa mbali zaidi mpaka daraja ya sita. Wote hao wakikosekana, mali huwa ya serikali. Soma orodha hiyo mara mbili. Binamu aliyeonana na marehemu mara moja utotoni yumo. Serikali imo. Mwenzi aliyemuuguza miaka ishirini hamo.

Na shughuli yenyewe huanza kwa barua ya chifu. Anayeomba usimamizi wa mali huenda kwa chifu wa mahali apate barua inayotaja majina ya waliobaki nyuma ya marehemu. Ndugu za marehemu ndio wanaojulikana kwa chifu. Ndio waliopanga mazishi. Ndio watakaokaa kitini kutaja majina. Ombi hutangazwa katika gazeti la serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku thelathini. Mwenzi aliyekaa kwa siri maisha yake yote, je, atasimama siku hizo ajitaje jina? Wengi huchukua nguo zao wakaondoka. Na hata hivyo sheria hiyo hiyo inakataza mtu ye yote kuingilia mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka, na kuihesabu kuwa kosa la kuadhibiwa. Ndugu wanaobadilisha kufuli siku ya pili baada ya maziko wanaivunja, wawe wamefiwa na nani.

Hata njia ya kununua ardhi pamoja imezibwa nusu. Zamani watu wawili ye yote waliweza kumiliki shamba kwa namna ambayo mmoja akifa, sehemu yake humwendea aliyebaki bila ya kupita kwa warithi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 iliamuru ya kuwa umiliki wa namna hiyo, pasipo idhini ya mahakama, utafanywa na mume na mke tu. Wengine humiliki kila mtu fungu lake, na fungu la aliyekufa hurudi katika mirathi. Sijui kama waliotunga kifungu hicho walimfikiria mtu wa namna hii. Nadhani walikuwa wakiwalinda wanawake walioolewa. Lakini ukuta uliojengwa kwa ajili ya mmoja huweza kumzuia mwingine.

Unabaki wasia. Na hapa sheria ya Kenya ina ukarimu usiotazamiwa. Kila mtu mzima mwenye akili timamu aweza kumwachia mali yake amtakaye, wala sheria haiulizi huyo ni nani wake. Wasia wa kuandikwa sharti utiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao waweke sahihi zao. Ikiwa shahidi mwenyewe ameachiwa kitu, sharti wawepo mashahidi wengine wawili wasioachiwa kitu, la sivyo atakosa alichoachiwa. Wasia wa mdomo pia wakubaliwa mbele ya mashahidi wawili, lakini aliyeusema asipokufa ndani ya miezi mitatu, maneno yake huwa upepo. Mwenye wasia akioa au kuolewa baadaye, wasia wa zamani hubatilika, ila kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Kwa hiyo kijana aliyeandika wasia kwa ajili ya mwenzi wake, kisha akashurutishwa na wazazi kuoa, amekwisha kuufuta pasipo kujua.

Wala wasia si ngao isiyopenyeka. Mahakama yaweza kuurekebisha kwa ajili ya watu waliomtegemea marehemu: watoto wake, na pia wazazi, ndugu, na watoto aliowatwaa kuwa kama wake, ikiwa alikuwa akiwalisha mpaka kufa kwake. Hao watoto waliotwaliwa ni mlango muhimu. Watoto wa mwenzi, waliolelewa na marehemu nyumbani mwake, waweza kudai chakula chao na karo yao hata kama hawakutajwa po pote. Kwa Waislamu hesabu ni nyingine: mtu huweza kuusia theluthi moja tu ya mali, tena kwa asiye mrithi, na theluthi mbili hugawanywa kwa mafungu yaliyowekwa.

Tena kuna jambo ambalo wasia hauliwezi, na watu wa ziwa walifundishwa hilo kwa uchungu. Tarehe 20 Desemba 1986 wakili Silvano Melea Otieno alifariki Nairobi. Mkewe, Wambui, aliyeoana naye kwa ndoa ya serikali, alitaka kumzika Upper Matasia karibu na Ngong, akasema ndiko alikotaka marehemu mwenyewe. Ukoo wake, Umira Kager, ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Kesi ikapanda mahakama hata Mahakama ya Rufani, taifa zima likisikiliza, na maiti ikakaa miezi mitano bila ya kuzikwa. Ukoo ulishinda, na tarehe 23 Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Maiti si mali, hairithishwi. Ikiwa mke wa ndoa, mwenye cheti na watoto na jina, alishindwa kuupata mwili wa mumewe, basi asiye na cheti asijidanganye.

Nchi nyingine zilipita njia hii hii kabla ya kufika zilipofika. Nchini Afrika ya Kusini mwanamume mmoja alikufa mwaka 2005 bila wasia, wazazi wake wakadai nyumba yake, na mwenzi wake akawashitaki. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba iliamua ya kuwa mwenzi wa kudumu wa jinsia moja naye arithi kama mke au mume. Nchini Marekani, Edith Windsor alifiwa na Thea Spyer mwaka 2009. Walikuwa wameoana Kanada mwaka 2007, lakini serikali ya taifa haikuitambua ndoa yao, ikamtoza kodi ya mirathi dola 363,053, ambayo mjane wa mume asingelipa hata senti. Windsor alishinda katika Mahakama ya Juu mwaka 2013. Tazama ya kuwa mara zote mbili hoja haikuanza kwa arusi. Ilianza kwa matanga, na kwa mtu aliyesimama mlangoni akiuliza kama nyumba ni yake bado.

Kenya haikwenda njia hiyo, na mtu anayeishi Muhoroni leo hupanga mambo yake kwa sheria iliyopo. Mkulima wa miwa aliye mwanachama wa chama cha ushirika ana karatasi moja ambayo wengi huijaza kwa haraka, kalamu ikiwa ya kuazima, kisha wakaisahau. Humo huandikwa jina la mtu atakayepewa hisa na akiba mwanachama akifa. Sheria ya vyama vya ushirika huiita nafasi hiyo ya mteuliwa, wala haikuweka sharti kwamba mteuliwa awe wa damu moja na mwanachama. Chama hulipa kwa jina lililoandikwa. Akiba ya uzeeni na bima ya maisha nazo zina nafasi kama hiyo. Yule mama wa Kinandi wa zamani aliingia arusini na ng'ombe wake, kijiji kizima kikitazama, ili siku ya kufa kwake pasiwe na wa kubisha. Huyu wa leo ana mstari mmoja katika karatasi ya chama, na mashahidi wawili, na kalamu.